Give in, give up, give way: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitenzi vya Kiingereza vya kusalimu amri

## Mambo ya msingi

Ni vitenzi vya aina gani vinavyozungumziwa hapa?

Ni vitenzi vya vipande viwili au vitatu, ambavyo shuleni huitwa *phrasal verbs*. Kitenzi cha kawaida kama *give*, *back* au *bow* hufuatwa na kijineno kama *in*, *up*, *down* au *to*, na vipande hivyo vikikutana hutoa maana ambayo huwezi kuipata kwa kujumlisha maana ya kila kimoja. *Give* ni kutoa na *in* ni ndani, lakini *give in* ni kuacha kubisha na kukubali jambo ulilokuwa ukilikataa.

Ukurasa huu unashughulikia kundi moja tu la vitenzi hivyo, yaani vile vinavyomweleza mtu anayelegeza msimamo, anayempisha mwingine, anayeachia alichokishikilia au anayerudi nyuma baada ya kutunisha kifua.

Je, vyote havimaanishi "kukubali" tu?

Havimaanishi hivyo, na Kiswahili chenyewe kinatosha kukuonyesha kwa nini. Aliyesalimu amri, aliyefyata mkia, aliyebwaga manyanga, aliyeridhia na aliyepisha njia wote wameacha kushindana, lakini hakuna Mswahili anayeyatumia maneno hayo kana kwamba ni mamoja. Kufyata mkia kuna dharau ndani yake. Kuridhia kuna heshima. Kubwaga manyanga ni kuacha kazi au mapambano yenyewe, hata pale ambapo hakuna mpinzani aliyesimama mbele yako.

Vitenzi vya Kiingereza navyo vimegawana kazi namna hiyo hiyo. Kabla ya kuchagua kimoja, jiulize kama kuna mtu au jambo linalomsukuma anayekubali, kama alikuwa ametangaza msimamo hadharani, na kama wewe unayesimulia unamheshimu au unamcheka. Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa sana katika madarasa, ingawa kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko mengine, kwa sababu karibu kila kitenzi katika kundi hili kinatoa hukumu juu ya mtu aliyekubali.

Nina muda mdogo. Nianze na vipi?

Anza na vinne: *give in*, *give up*, *give way* na *back down*. Hivyo vitakutosha katika mazungumzo na katika maandishi mengi. Vingine vilivyoelezwa hapa, kama *cave in*, *climb down* na *knuckle under*, inatosha kuvitambua unapovisoma, hadi pale utakapoizoea ladha yake.

## Give in na give up

Tofauti kati ya give in na give up ni ipi?

*Give in* inahitaji msukumo kutoka upande wa pili. Kuna mtu anayeomba, anayedai, anayebembeleza au anayetishia, nawe ulikuwa umekataa, kisha umekubali. Mtoto anayelilia baiskeli kila jioni mpaka baba yake akanunua amemfanya baba *give in*: *He finally gave in and bought the bicycle*. Msukumo unaweza kutoka ndani ya mtu mwenyewe pia, kama vile hasira, usingizi, tamaa au kishawishi, na hapo hutumika *give in to*: *She gave in to temptation*.

*Give up* haihitaji mpinzani. Ni kuacha jitihada, mazoea au matumaini. Mwanafunzi aliyehangaika na hesabu hadi usiku wa manane, akafunga daftari na kulala, amefanya *give up*. Huwezi kusema kwamba alifanya *give in*, kwa kuwa hesabu haikumbembeleza. Ndiyo maana "usikate tamaa" ni *don't give up*, na anayeacha sigara hufanya *give up smoking*, ilhali yule aliyekuwa ameacha, kisha akapewa moja na marafiki zake akaivuta, ame-*give in*.

Kipimo chepesi ni kujaribu kuongeza "kwa nani?" au "kwa kitu gani hasa?" baada ya kitenzi. Swali hilo likipata jibu la moja kwa moja, kama vile kwa mkewe, kwa wafanyakazi au kwa hasira, basi kitenzi ni *give in*. Linapokosa jibu, huenda unatafuta *give up*.

Je, Churchill alisema "never give up"?

Maneno hayo husambazwa sana kwa jina lake, lakini katika hotuba yake ya tarehe 29 Oktoba 1941 kwa wanafunzi wa shule ya Harrow, Winston Churchill alitumia *never give in*, akairudia mara kadhaa. Kitenzi hicho kiliafiki hali ya wakati ule. Uingereza ilikuwa vitani, na adui aliyekuwa akiisukuma ikubali masharti yake alijulikana kwa jina. Churchill aliweka hata mwanya katika amri yake, akisema mtu asikubali kamwe *except to convictions of honour and good sense*, yaani isipokuwa pale anapoelekezwa na heshima na busara. Mwanya huo unawezekana kwa sababu *give in* hupokea *to* na kumtaja anayekubaliwa. Sentensi ingejengwa kwa *give up*, nafasi hiyo isingekuwapo.

Give up on, give oneself up na give someone up zinatofautianaje?

*Give up on someone* ni kumkatia mtu tamaa, kwamba humtarajii tena kubadilika au kufaulu: *His teachers had given up on him*. *Give oneself up* ni kujisalimisha, hasa kwa polisi au kwa jeshi: *The suspect gave himself up* ni mshukiwa amejisalimisha mwenyewe. *Give someone up* ni kumtoa mtu mwingine kwa wanaomtafuta, au kuachana na mtu uliyempenda, na muktadha ndio unaoamua.

Katika habari za mahakama tofauti hii ni nzito. Aliye-*give himself up* alikwenda kituoni kwa miguu yake. Aliye-*was given up by his brother* alichongewa na ndugu yake.

Kwa nini "give up to smoke" ni kosa?

Kosa hili linatokana na Kiswahili. Sisi husema "aliacha kuvuta", na kwa kuwa "kuvuta" mara nyingi hulingana na *to smoke*, msemaji huingiza *to* bila kufikiri. Baada ya *give up* Kiingereza hutaka jina au kitenzi chenye *-ing*: *give up smoking*, *give up trying*, *give up meat*. Kanuni hii ni ile ile baada ya *give in to*, kwa kuwa *to* iliyopo pale haitangulizi kitenzi cha msingi, bali hutangulia jina: *He gave in to their demands*.

Nitaandika give in to au give into?

Andika maneno matatu: *give in to*. *In* ni sehemu ya kitenzi na *to* humtambulisha anayekubaliwa, hivyo hayaunganishwi. Hata wenye lugha yao hukosea hapa mara kwa mara, na programu za kusahihisha tahajia hazikamati kosa hilo kila mara, kwa sababu *into* ni neno halali lenyewe.

## Give way

Kwa nini alama ya barabarani inasema give way badala ya give in?

Kwa sababu barabarani hakuna ubishi unaoshindwa. Kuna nafasi inayoachiwa. *Give way* ni kupisha. Alama yake ni pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiwa chini, na dereva anayeikuta hupunguza mwendo, na akisimama ni kwa kuwa lipo gari lenye haki ya kupita kwanza. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, anayeingia kwenye kipilefti huwapisha walio ndani yake wanaotoka upande wake wa kulia.

Wamarekani hutumia neno moja, *yield*. Alama ya kwanza yenye neno hilo iliwekwa katika jiji la Tulsa, jimbo la Oklahoma, mwaka 1950, kutokana na wazo la polisi mmoja aitwaye Clinton Riggs. Ukisoma mwongozo wa udereva wa Marekani usitarajie kukutana na *give way*, na ukisoma wa Uingereza usiitafute *yield* kwenye alama.

Wabunge wa Uingereza husema "will the Minister give way?" Je, wanamtaka waziri akubali kushindwa?

Hapana. Wanamwomba awapishe waseme neno. Katika Bunge la Uingereza, mbunge anayezungumza akiamua kumpisha mwenzake huketi, mwenzake huuliza au huchangia kwa ufupi, kisha mwenye hotuba husimama na kuendelea. Kupisha huko ni uungwana tu, wala hakupunguzi chochote katika hoja yake. Katika Bunge la Marekani kazi hiyo hufanywa tena na *yield*: mzungumzaji aweza *yield* dakika kadhaa kwa mwenzake, na anapomaliza kabla ya wakati husema *I yield back*, maana yake anarudisha muda uliosalia.

Hata hivyo, katika habari za migogoro *give way* huweza kukaribia *give in*: *Neither side would give way* ni kwamba hakuna upande uliokuwa tayari kulegeza kamba. Kwa hiyo usihukumu maana kabla hujaona kinachozungumziwa ni nafasi au ni msimamo.

Je, sakafu, magoti au majira ya mwaka yanaweza "give way"?

Yanaweza. *The floor gave way* ni sakafu iliporomoka kwa uzito. *My knees gave way* ni magoti yaliniishia nguvu. Katika maana hiyo usitumie *gave in*. Na penye *to*, kitu kimoja hupisha kingine kinachokuja baada yake: *The long rains gave way to the cool season*, masika yaliupisha msimu wa baridi. Huu wa mwisho ni mtindo mzuri wa kuandika insha za historia, ambamo zama moja hupisha nyingine bila mwandishi kulazimika kutangaza nani alimshinda nani.

## Kurudi nyuma hadharani

Back down, back off na back out hutofautianaje?

*Back down* ni kuacha msimamo au tishio ulilolitoa waziwazi. Lazima kuwe na kauli ya awali, kwa mfano mgomo uliotangazwa, kesi iliyoahidiwa au kodi iliyopandishwa, na lazima watu wawe wanatazama. Mtu ambaye hakuwahi kusema lolote hawezi *back down*. Hufuatwa na *from* kwa tishio au changamoto, na *on* au *over* kwa suala lenyewe: *The company backed down on the new fees*.

*Back off* ni kusogea mbali na kuacha kumsonga mtu. Ikitamkwa kwa amri, *Back off!*, ni "niache" au "hebu sogea huko", tena kwa ukali, hivyo usiitumie kwa mkubwa wako. *Back out* inahusu ahadi: ulikubali kununua kiwanja, siku ya kutia saini ukajitoa. Hapo hukushindwa na yeyote, umevunja makubaliano.

Magazeti hupenda climb down, cave in na bow to pressure. Kuna tofauti?

Kuna tofauti, na iko katika mtazamo wa mwandishi zaidi ya tukio lenyewe. Tuseme wafanyakazi wa bandari wametishia kugoma, na menejimenti iliyosema haitaongeza mshahara hata shilingi imeongeza. Taarifa ya menejimenti itasema *we have listened to our staff*. Jarida la chama cha wafanyakazi litaandika *management backed down*. Mchambuzi wa Uingereza anayetaka kuchekesha kidogo ataita tukio hilo *a climbdown*, kwa kuwa *climb down* humwonyesha mtu aliyekwea juu kwa majivuno na sasa anateremka mbele za watu. Anayeikasirikia menejimenti kwa udhaifu wake ataandika *caved in*, kitenzi ambacho asili yake ni paa au mgodi unaobomokea ndani. Wamarekani hukata kijineno na kusema *caved* peke yake.

*Bow to pressure* iko katikati, na huenda ndiyo sababu waandishi wa magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki hawaichoki: inasema kulikuwa na shinikizo na mtu akainama, bila kumtukana sana. Angalia matamshi yake. *Bow* ya kuinama hutamkwa "bau", na *bow* ya upinde hutamkwa "bou".

Ukikutana na vitenzi hivi katika habari, jiulize mwandishi yuko upande gani kabla hujaamua nani ameshinda.

Knuckle under ni sawa na knuckle down?

La, na mkanganyiko huu unaweza kukutia aibu. *Knuckle under* ni kunywea mbele ya mwenye nguvu na kufanya atakavyo, kwa kawaida bila kupenda. *Knuckle down* ni kukaza buti na kufanya kazi kwa bidii. Ukimsifu mfanyakazi kwa barua kwamba *he knuckles under*, umemwita mnyonge.

Je, kuna kitenzi cha kukubali bila kuonekana umeshindwa?

Kipo, na kinastahili kutumiwa kuliko kinavyotumiwa. *Come round to*, ambayo Wamarekani huandika *come around to*, ni kubadili mawazo baada ya kushawishika. *My grandmother came round to the idea* inatuambia kwamba bibi alilitafakari jambo, akaliona jema. Tungesema *my grandmother gave in*, msomaji angeelewa kwamba wajukuu walimchosha. Tukio ni lile lile, lakini hadhi ya bibi si ile ile.

Kiko pia *relent*, ambacho ni neno moja tu lakini hutajwa pamoja na haya. Anaye-*relent* ni mwenye mamlaka aliyelegea kwa huruma: hakimu, mzazi, mwalimu aliyekataa kumruhusu mtoto kisha akamruhusu. Aliye chini hawezi *relent* kwa aliye juu yake. Yeye hu-*give in*.

## Kuachia cheo

Step down, stand down na step aside zina uzito mmoja?

*Step down* ni kuondoka katika wadhifa, na ndiyo tafsiri ya kawaida ya kung'atuka, neno ambalo Mwalimu Nyerere alilichukua kutoka Kizanaki na ambalo Watanzania wengi hulihusisha na kuondoka kwake katika urais mwaka 1985. *Stand down* katika Kiingereza cha Uingereza hukaribiana nalo, na humhusu pia mgombea anayejiondoa ili kumwachia mwingine nafasi. Jeshini ni kuambiwa tahadhari imekwisha.

*Step aside* ina historia yake Kenya. Pale humaanisha kukaa kando kwa muda wakati uchunguzi unaendelea, cheo kikiwa bado ni chako hadi uamuzi utolewe. Mawaziri kadhaa walitakiwa kufanya hivyo mwaka 2015 kutokana na tuhuma za ufisadi. Anayesoma habari hizo akidhani *stepped aside* ni sawa na *resigned* atakuwa amemfukuza waziri kabla ya wakati wake. Nje ya siasa za Kenya maneno hayo hayana sharti la muda, kwa hiyo mfasiri anapaswa kutazama habari inatoka wapi.

## Sarufi na matamshi

Kiwakilishi hukaa wapi?

Kwa *give up* kiwakilishi hukaa katikati: *give it up*, kamwe si *give up it*. Jina kamili laweza kukaa katikati au mwishoni: *give your seat up*, *give up your seat*. *Give in*, *give way* na *back down* hazipokei yambwa ya moja kwa moja, yaani jina la anayetendewa au kinachotendewa, katika maana hizi, hivyo hazitenganishwi. Zinahitaji *to*, *on* au *from* kabla ya kumtaja mtu au jambo.

Ndiyo sababu pia *give up* hukubali kauli ya kutendwa, kama *the search was given up*, lakini *he was given in* haisemeki.

Mkazo huwekwa wapi?

Kwenye kijineno: give *IN*, give *UP*, back *DOWN*. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wasemaji wengi hukikazia kitenzi na kukimeza kijineno, na msikilizaji hupoteza sehemu yenye maana. Yakigeuka majina, mkazo huhamia mbele: *a CLIMBdown*, *a CAVE-in*.

Je, naweza kuvitumia katika barua rasmi au katika mkataba?

Mkatabani, epuka. Lugha ya sheria hupendelea neno moja lenye maana finyu: *yield*, *concede*, *surrender*, *waive*. Katika barua rasmi ya kawaida *give up* na *give way* hazina ubaya, lakini *cave in* na *back off* ziache kwa mazungumzo. Katika mtihani, swali likisema ubadili neno lililopigiwa mstari kwa *phrasal verb*, kama ilivyozoeleka Kenya, linganisha pia wakati wa kitenzi: *surrendered* huwa *gave in* au *gave up*, siyo *give in*.

## Mitego

Mwalimu wa Kiingereza alisema "give in your homework". Alitaka niache kuifanya?

Alitaka uikabidhi. Katika Kiingereza cha Uingereza *give in* ina maana hii ya pili, sawa na *hand in*, na hapo hupokea yambwa na kutenganishwa: *give it in by Friday*. Hii ndiyo hali inayopingana na kanuni iliyotolewa juu kuhusu kiwakilishi.

Mshereheshaji akisema "give it up for the band", bendi imeshindwa?

Anawaomba mpige makofi. Ni usemi wa jukwaani na hauna uhusiano na kusalimu amri.

Na "give up the ghost"?

Ni kukata roho. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia *gave up the ghost* katika Marko 15:37, na *yielded up the ghost* katika Mathayo 27:50, kwa hiyo *give up* na *yield up* zilikwishakuwa jirani tangu zamani. Siku hizi husemwa zaidi kwa mzaha kuhusu mashine: jenereta iliyokufa katikati ya harusi *has given up the ghost*. Usiutumie usemi huu katika rambirambi.

Give out na give over zinaingia katika kundi hili?

*Give out* kwa kiasi: nguvu, sauti au betri ikikwisha, *it gives out*, na hapo hukaribiana na *give way* ya magoti. *Give over* huingia kwa nadra. Kaskazini mwa Uingereza hutumika kumwambia mtu aache upuuzi, na kwingineko *be given over to* ni jengo au siku kutengwa kwa shughuli fulani, kama ukumbi uliotengwa kwa maonyesho.